Hatua ya Nne Haipo

Basi namba 71 likitoka katikati ya Brussels hupanda hadi Porte de Namur, likagusa ukingo wa Matonge, mtaa ambao Wakongo waliupa jina la mtaa wao wa Kinshasa, likateremka Flagey, kisha likaelekea kampasi ya Solbosch ya chuo kikuu cha ULB. Siku za kawaida abiria wake ni wanafunzi, wafanyakazi, na akina mama wanaorudi na mifuko ya kisamvu, ambacho watu wa mashariki ya Kongo hukiita sombe. Lakini wikendi moja kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, basi hilo hujaa watu wenye mabegi ya kompyuta mgongoni. Wanakwenda FOSDEM, mkutano wa siku mbili wa waandishi wa programu huria, ambao Brussels imeupokea tangu mwanzo wa miaka ya 2000.

Nilikuwa nimesimama ndani ya basi hilo, mkono mmoja kwenye mlingoti, ujumbe ulipoingia kutoka Mwanza. Kijana ambaye nimekuwa nikimsaidia kwa mbali alikuwa anatengeneza mchezo wa bao kwa ajili ya simu: safu nne, mashimo 32, kete 64, zote zichorwe vizuri hata kwenye simu ya bei ndogo. Alihitaji kuijenga yeye mwenyewe maktaba ya michoro, kwa kuwa iliyokuwa imejengwa tayari haikuifaa simu yake. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Shikamoo kaka. Nimefuata yote. Hatua ya nne haipo."

Chini yake palikuwa na picha ya skrini. Maelekezo yalimwambia aendeshe kompaila inayoitwa arm-linux-androideabi-gcc. Kompyuta ikamjibu kwamba faili hilo halipo. Alilitafuta folda moja baada ya nyingine, akadhani amepakua vibaya, akapakua upya. NDK, yaani kifurushi cha Google cha kujengea programu za Android kwa C na C++, katika matoleo ya karibuni ya Linux inazidi megabaiti 600. Kuipakua mara mbili ni bando la wiki limekwisha. Na kosa halikuwa lake hata kidogo. Kompaila ile iliondolewa kwenye NDK mwaka 2018.

Maktaba yenyewe sitaitaja, kwa kuwa walioiandika ni watu wa kujitolea na kazi yao ninaiheshimu. Lakini siku ile niliamua kwamba nikifika Solbosch sitatafuta hotuba ya kusikiliza. Nitatafuta kona, nifungue kompyuta, niandike upya yale maelekezo. Ninachokueleza hapa, ndugu msomaji, ni namna ya kuifanya kazi hiyo. Ninaamini ndiyo njia bora ya kijana wa kwetu kuingia katika programu huria, na ni kazi ambayo sisi tulio na simu dhaifu na intaneti ya kupimiwa tunaweza kuifanya vizuri kuliko mtu mwenye mashine ya gharama kubwa.

Kwanza elewa kwa nini maelekezo huzeeka. Msimbo ukiharibika, mtu hupiga kelele siku hiyohiyo. Maelekezo yakiharibika, anayeumia ni mgeni, na mgeni akishindwa huondoka kimya akidhani hana akili. Hakuna anayelalamika, basi ukurasa unakaa vilevile miaka sita. Wakati huo Android haisimami. Itazame NDK peke yake. Toleo la r17, mwaka 2018, lilifuta aina ya zamani ya ARM iliyoitwa armeabi, pamoja na MIPS. Miezi michache baadaye r18 ikaiondoa kompaila ya GCC, ikabaki ya Clang. Mwaka 2019 r19 ikafanya isiwe lazima tena kutengeneza seti ya zana ya pembeni kwa ile skripti ya make_standalone_toolchain, ambayo karibu kila ukurasa wa zamani unaanza nayo. Mwaka 2021 r23 ikatupa zana za GNU kama ar na strip, mahali pake pakakaa llvm-ar na llvm-strip. Mwaka 2023 r26 ikaacha kuhudumia simu zilizo chini ya Android 5. Sasa chukua maelekezo yaliyoandikwa mwaka 2016 kwa uangalifu mkubwa, na kila mstari ulikuwa kweli siku ile: leo karibu nusu ya mistari hiyo inaelekeza kwenye mlango uliozibwa kwa matofali.

Kwa hiyo usianze kwa kuandika. Anza kwa kutembea.

Utembee kama mgeni, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu aliyeizoea kazi akisoma maelekezo yaliyopungua, mikono yake hujaza pengo bila yeye kujua. Imeandikwa "weka njia ya NDK", naye tayari ameiweka tangu mwaka juzi. Imeandikwa "hakikisha una ninja", naye anayo. Dawa yake ni mashine tupu. Kama kompyuta yako ina nguvu, fungua kontena jipya la Ubuntu au Debian lisilo na kitu. Kama haina, fungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyohiyo, ambayo haijarithi mipangilio yako, ingawa programu zilizokwishasakinishwa zitabaki kukudanganya. Kisha nakili kila amri kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, hata pale unapoona kabisa kwamba imekosewa. Iache ishindwe. Nakili ujumbe wa kosa. Andika ulichofanya ili uvuke. Ukimaliza utakuwa na daftari la makosa, na daftari hilo ndilo maelekezo mapya yakiwa bado mabichi.

Mimi hutumia daftari la karatasi, lenye safu tatu: walichosema, kilichotokea, kilichofanya kazi. Siku ile Solbosch nilijaza kurasa tano, nimekaa kwenye ngazi za jengo la K, watu wakinipita huku na huku. Kati ya hatua kumi na moja, saba hazikufika mwisho.

Hatua zilizoshindwa hazilingani uzito. Nyingine ni jina tu lililobadilika. Nyingine inaficha uamuzi ambao mwandishi wa zamani aliufanya bila kuusema, na hizi ndizo za kukaa nazo. Chukua jina la kompaila ya leo: aarch64-linux-android29-clang. Ile 29 iliyo katikati ni kiwango cha API, na maana yake ni Android 10. Mtu akinakili bila kuelewa, programu yake huenda isifunguke kwenye simu ya Android 8, na hatajua sababu. Vulkan, njia ya programu kuiagiza chipu ya michoro, kwa mfano, ilianza kuwamo katika Android kwenye kiwango cha 24, yaani Android 7 ya mwaka 2016, kwa hiyo anayejenga maktaba ya Vulkan hawezi kushuka chini ya hapo. Anayejenga kwa OpenGL ES, njia ya zamani zaidi, peke yake anaweza kushuka hadi 21. Andika hilo. Sentensi mbili tu zinazosema "namba hii ni hii, ukiipandisha utawaacha nje hawa" zina faida kuliko ukurasa mzima wa amri.

Halafu kuna suala la biti 32. Kurasa nyingi siku hizi zinaeleza arm64 pekee, kwa kuwa tangu Agosti 2019 Google Play inataka kila programu yenye msimbo wa C iwe na toleo la biti 64. Waandishi wakahitimisha kwamba biti 32 imekufa. Njoo Kariakoo uone. Simu nyingi za bei ndogo zina chipu yenye uwezo wa biti 64, lakini kwa sababu ya RAM ndogo zimewekewa Android ya biti 32. Simu ya kijana wangu ni mojawapo. Kabla ya kujenga chochote mwambie msomaji wako aunganishe simu kwa waya, awashe ruhusa ya adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kisha aiulize simu yenyewe: adb shell getprop ro.product.cpu.abilist. Jibu likiwa na armeabi-v7a bila arm64-v8a, njia yake ni nyingine, na jina la kompaila yake ni armv7a-linux-androideabi21-clang. Angalia vizuri: linaanza na armv7a, wakati zana za zamani zilianza na arm tupu. Tofauti hiyo ndogo imewapotezea watu usiku mzima.

Amri hiyo moja ya kuiuliza simu ningetaka iwe ya kwanza katika kila ukurasa wa maelekezo ya aina hii.

Kwa upande mwingine wa umri, simu mpya kabisa nazo zimeleta jambo lao. Tangu zamani Android iligawa kumbukumbu katika kurasa za kilobaiti 4. Android 15, mwaka 2024, ilifungua mlango kwa simu zenye kurasa za kilobaiti 16, na kuanzia Novemba 2025 Google Play ikaanza kudai kwamba programu mpya zinazolenga toleo hilo ziwe tayari kwa ukubwa huo. Maktaba ya michoro iliyojengwa kwa mtindo wa zamani inaweza kukataliwa na simu ya namna hiyo. NDK r28 inalipanga sawa yenyewe; ukitumia ya zamani kidogo, unampa kiunganishi amri -Wl,-z,max-page-size=16384. Ukimaliza, thibitisha: endesha llvm-readelf -l kwenye faili lako la .so, tazama mistari ya LOAD. Ukiona 0x4000 mwishoni, uko salama. Ukiona 0x1000, bado. Ninapenda hatua za namna hii, ambazo msomaji anaona kwa macho yake kwamba amefika, na ninakushauri kila baada ya hatua tatu nne uweke kituo kama hicho. Mtu anayejenga kwa saa mbili bila kujua kama yuko njiani au amepotea huchoka moyo kabla ya kuchoka mwili.

Sasa niseme kuhusu Mesa, kwa kuwa ndiyo mfano mkubwa zaidi wa kazi hii na ndiyo inayosemwa sana katika vyumba vya michoro vya FOSDEM. Mesa ni maktaba huria ya michoro iliyoanzishwa na Brian Paul mwaka 1993, na leo ndani yake kuna viendeshi vya chipu nyingi za simu: Freedreno na Turnip kwa Adreno, Panfrost na Lima kwa Mali, na kiendeshi cha PowerVR ambacho Imagination, watengenezaji wa chipu hiyo, walikileta wenyewe mwaka 2022. Haikuwa hivyo tangu awali. Chipu za michoro za simu zilikuwa zimefungwa, na watengenezaji hawakutoa msimbo wala maelezo. Ilikuwa hapahapa Brussels, Februari 2012, ambapo Luc Verhaegen alisimama FOSDEM kuonyesha Lima, kiendeshi alichokipata kwa kuichunguza chipu ya Mali kutoka nje, hatua kwa hatua. Kila ninapopita Solbosch hukumbuka kwamba michoro huru kwenye simu ilianza na mtu aliyekubali kuandika kila alichokiona.

Mesa iliwahi kuwa na mifumo kadhaa ya ujenzi kwa wakati mmoja: Autotools, SCons, mafaili ya Android.mk, na Meson. Kila mfumo na maelekezo yake. Autotools iliondolewa mwaka 2019, na leo kazi iko mikononi mwa Meson. Hili lina somo la moja kwa moja kwako. Ukikuta maktaba ina njia tatu za kujenga kwa ajili ya simu, usizisahihishe zote tatu. Waulize wenye mradi ni ipi wanayoitumia wenyewe, sahihisha hiyo, na omba ruhusa ya kuzifuta nyingine. Kufuta kunataka ujasiri kuliko kuandika. Nimekutana na kurasa zinazomwambia msomaji atumie Eclipse, ambayo Google iliacha kuihudumia kwa Android tangu 2016, kisha chini yake njia mpya, kisha chini yake njia mpya zaidi, kama kuta za nyumba iliyopakwa rangi juu ya rangi. Mgeni hajui ipi ni ya leo. Huanza na ya kwanza, kwa kuwa iko juu.

Wanaoishi Brussels watanielewa vizuri hapa. Jiji hili lina lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi, na kila kibao cha mtaa kina majina mawili: Ixelles ni Elsene, Porte de Namur ni Naamsepoort. Jina likibadilishwa upande mmoja tu, mgeni anapotea. Miradi mingi ya programu ina vibao viwili bila kukusudia: faili la README ndani ya hazina ya msimbo, na ukurasa wa maelezo kwenye tovuti. Ukisahihisha kimoja bila kingine umeongeza utata. Tafuta jina la zana ya zamani katika hazina yote kwa git grep kabla hujatuma kazi yako. Nilipoitafuta ile androideabi-gcc niliikuta mahali pengine pawili.

Kuhusu njia ya kujenga yenyewe, ipende njia ya NDK. Ukurasa wa Mesa kuhusu Android unaeleza mbili: kujenga ndani ya mti mzima wa msimbo wa Android, au kujenga kwa NDK peke yake. Ya kwanza inafaa makampuni. Google wenyewe wanasema kuupakua na kuujenga mti huo kunataka angalau gigabaiti 400 za diski na RAM ya gigabaiti 64. Hiyo si kompyuta ya mwanafunzi wa Mwanza, wala ya wanafunzi wengi wa hapa Ubelgiji. Kwa njia ya pili unaandika faili dogo linaloieleza Meson kwamba tunajenga kwenye kompyuta lakini kitakachotoka kitaendeshwa kwenye simu: kompaila iko wapi, llvm-ar iko wapi, chipu ni ya aina gani. Kisha meson setup pamoja na faili hilo na -Dplatforms=android, halafu ninja. Kwa Mesa utaona pia -Dandroid-stub=true, na hapo wengi hukwama wasijue ni kitu gani. Ni hivi: kiendeshi kinahitaji maktaba za ndani za Android ambazo NDK haizitoi, kwa hiyo Mesa inajengewa sanamu zake tupu ili kiunganishi kiridhike, na zile halisi zinakutwa kwenye simu. Ukieleza hilo kwa sentensi moja, umemwondolea mtu hofu.

Weka gharama juu kabisa ya ukurasa. Hili silioni likifanywa, na linaniuma. Megabaiti ngapi zitapakuliwa, diski kiasi gani, RAM kiasi gani, na kazi inachukua muda gani kwenye kompyuta ya kawaida. Mwandishi wa Ulaya hafikirii, maana kwake intaneti ni kama maji ya bomba. Wewe unajua bando ni nini, basi wewe ndiye wa kuliandika. Ongeza hila ndogo za kubana matumizi: git clone --depth 1 inaleta hali ya leo ya msimbo bila historia yake yote. Taja namba ya toleo la NDK na la maktaba uliyojaribu, pamoja na tarehe. "Imejaribiwa kwa NDK r27, Machi 2025" ni mstari mfupi, lakini anayeusoma miaka minne baadaye atajua mara moja kama anasoma habari au historia.

Majaribio kwenye simu yanataka huruma. Simu ya msomaji wako huenda ni moja tu, na ndani yake kuna M-Pesa, picha za wazazi na namba za wateja. Kuna maelekezo yanayomwambia mtu afungue kufuli ya mfumo wa simu, apate ruhusa kuu, aweke kiendeshi kipya mahali pa kile cha kiwandani. Kufungua kufuli hiyo kunafuta kila kitu kilichomo, na kiendeshi kibaya kinaweza kuiacha simu ikiwaka bila picha. Onyo la jambo kama hilo likae kabla ya amri. Nimeona likiwekwa aya mbili baadaye, wakati msomaji ameshabonyeza. Na kabla ya kufika huko, mwonyeshe njia ya upole: asukume mafaili yake kwa adb push hadi /data/local/tmp, ambako programu ndogo za majaribio huendeshwa bila ruhusa kuu, bila kugusa kitu cha simu. Ikichora pembetatu pale, inatosha kwa siku ya kwanza. Maktaba ya kutumiwa ndani ya programu moja, kama ya mchezo wa bao, haihitaji kabisa kubadilisha kiendeshi cha simu; inafungwa ndani ya APK. Sema hivyo wazi, kwa sababu wasomaji wengi huchanganya mambo haya mawili, na mchanganyiko huo umewagharimu simu.

Kuhusu lugha ya kuandikia, nitapita haraka. Kama mradi unatumia Kiingereza, andika Kiingereza chepesi, ukikumbuka kwamba kwa wasomaji wengi ni lugha ya tatu au ya nne. Amri moja kwa mstari mmoja, iweze kunakiliwa bila alama ya dola mbele yake. Usiseme jambo ni rahisi. Kwa aliyekwama, neno hilo ni tusi.

Ukishaandika, tafuta mlinzi, maana wewe utachoka na Android haichoki. Miradi mingi ina mashine zinazojenga kila badiliko linaloletwa. Mesa, kwa mfano, hujengwa hivyo kwenye GitLab ya freedesktop.org, na Android imo kati ya zinazojengwa. Ziandike amri zako katika skripti fupi, omba skripti hiyo iendeshwe na mashine hizo, kisha maelekezo yako yaoneshe skripti hiyohiyo. Siku hatua ya nne itakapokufa tena, taa nyekundu itawaka kwa wenye mradi kabla ya mgeni kufika. Wakikukatalia, usivunjike moyo. Mashine zinagharimu fedha.

Kutuma kazi: gawanya vipande. Kipande kimoja kinarekebisha majina ya kompaila, kingine kinaongeza biti 32, kingine kinafuta Eclipse. Katika kila kimoja eleza nini kilishindwa, kwenye mashine gani, kwa toleo gani, na bandika ujumbe wa kosa wenyewe. Msimamizi wa mradi anayepokea kipande cha mistari kumi atakisoma akinywa chai. Akipokea mistari mia tano atakiweka pembeni hadi mwezi ujao, na mwezi ujao hauna mwisho. Ukikaa wiki mbili bila jibu, uliza kwa adabu mara moja.

Na kama unaweza kufika Brussels, njoo. FOSDEM haina kiingilio wala kujiandikisha. Unatembea tu hadi ndani. Vyumba hujaa, na kikijaa mlango unafungwa bila kujali umetoka wapi, kwa hiyo wahi, na ukae chumba kimoja badala ya kurukaruka. Kama viza au nauli haiwezekani, hotuba zinarushwa moja kwa moja na kurekodiwa. Saa tatu na nusu asubuhi ya Brussels wakati wa baridi ni saa tano na nusu Dar es Salaam. Lakini nikuambie nilichokiona: mazungumzo yaliyoisaidia kazi yangu hayakufanyika chumbani. Yalifanyika kwenye korido, nilipomwonyesha mmoja wa wasimamizi wa ile maktaba daftari langu la safu tatu. Alisoma kurasa zote tano akiwa amesimama. Hakuwa anajua. Mashine yake ilikuwa na NDK ya zamani aliyoiweka miaka mingi iliyopita, na kwake hatua ya nne ilikuwa inafanya kazi kila siku. Vipande vyangu vya kwanza viwili vilipokelewa jioni ileile, kabla sijapanda basi la kurudi.

Yule kijana nilimtumia maelekezo mapya Jumatatu. Siku tatu kimya. Alhamisi usiku ikaingia picha: skrini ya simu yake, nyeusi tupu, na katikati pembetatu moja ya rangi ya chungwa. Chini yake ameandika, "Imechora, kaka. Ila hatua ya pili umesema nifungue zip kwa unzip, na kwenye Ubuntu mpya unzip haimo. Nimeiongeza mimi. Naituma wapi?"

Nilirudi kwenye kontena langu nikatazama. Unzip ilikuwamo, nimeisakinisha wiki moja nyuma kwa kazi nyingine. Kontena halikuwa tupu. Nikalifuta, nikamtumia anwani ya mradi, nikamweleza namna ya kufungua ombi kwa jina lake mwenyewe.